UZI 🧵: SHA imelipa upasuaji wa koo. Kumeza nani atalipia?

Mjadala wa afya hapa Nyeri na miji ya Mlima Kenya huzunguka vitu vitatu: jengo jipya, mashine mpya, na ile hundi kubwa ya kadibodi kwenye harambee. Vyote vinapendeza kwa picha. Leo nataka tuchukue hali moja isiyopigika picha, tuifuate kutoka chumba cha upasuaji mpaka jikoni, halafu turudi kwa siasa tukiwa na maswali ya maana. Sheria ya hapa mnaijua: hakuna jina la mwanasiasa wala chama. Ukianza kutaja watu huko chini, utajibizana na wenzako, mimi simo.

Hali yenyewe ni hii. Mtu amepatikana na saratani ya koo, ametolewa zoloto, yaani kile kisanduku cha sauti, na koo lake limeundwa upya. Wengi wakisikia hivyo wanawaza sauti tu. Ni kweli sauti aliyozaliwa nayo imeenda. Lakini uliza familia inayomuuguza mtu kama huyo shida ya kila siku ni gani, asubuhi, mchana na jioni. Watakwambia ni chakula.

Tuanze na ramani. Mkitoka Karatina mkifika Marua barabara inagawanyika, wengine wanaingia Nyeri mjini, wengine wanapanda Chaka na Nanyuki. Koo ni njia panda ya namna hiyo. Hewa na chakula vinaingia pamoja halafu vinaachana, hewa kwa mapafu, chakula kwa umio mpaka tumboni. Zoloto ndiye askari wa trafiki hapo. Ukimeza, linapanda juu, linafunga njia ya hewa, chakula kinapita, linafungua tena. Weka kidole kwenye koo umeze mate, utalisikia likipanda. Kazi ya sauti tunaijua sana, lakini hii ya kulinda mapafu ndiyo kazi yake ya kwanza.

Likitolewa lote, daktari hawezi kuacha njia panda bila askari. Kwa hivyo anaifunga kabisa. Bomba la hewa linaelekezwa mbele, linashonewa shingoni, na mtu anapumulia kwenye tundu hilo maisha yake yote. Mdomo na koo vinabaki njia ya chakula peke yake. Hapo kuna habari njema ambayo familia nyingi haziambiwi mapema: chakula hakiwezi tena kupotea njia kikaingia mapafuni, kwa sababu njia hizo mbili hazikutani tena. (Isipokuwa kwa aliyewekewa kile kifaa kidogo cha kusaidia sauti katikati ya bomba la hewa na umio. Kikichakaa kinaweza kuvujisha chai mpaka kwa bomba la hewa, na mgonjwa atakohoa kila akinywa. Hicho hubadilishwa.)

Upasuaji wenyewe si mgeni duniani. Theodor Billroth alitoa zoloto lote la mgonjwa huko Vienna tarehe 31 Desemba 1873. Zaidi ya miaka 150 iliyopita. Kilichobaki kigumu mpaka leo ni maisha ya baadaye.

Sasa, habari ambayo si njema. Kumeza ni kazi ya misuli mingi inayoenda kwa mpango, na mingine ilikuwa imeshikilia zoloto. Imekatwa. Ule mnyanyuko uliokuwa ukifungua mlango wa umio haupo. Mzigo wote umeachiwa ulimi, ambao sasa unasukuma chakula kwa nguvu mara mbili, kama mtu anayesukuma mkokoteni peke yake baada ya wenzake kuondoka.

Na kama saratani ilikuwa imesambaa kwa ukuta wa koo, hata ule ukuta unatolewa na kujengwa upya kwa nyama ya sehemu nyingine ya mwili: msuli wa kifua, ngozi ya mkono au ya paja, wakati mwingine kipande cha utumbo, au tumbo lenyewe linavutwa juu. Hapa ndipo watu hudanganyika na neno "koo jipya". Ngozi ya paja haijui kumeza. Imewekwa pale kama mfereji, na chakula kinapita kwa kusukumwa na ulimi na kwa kuteremka chenyewe. Ndio maana mgonjwa anaambiwa akae wima anapokula na asilale mara tu baada ya kula. Kile kipande cha utumbo nacho kina mwendo wake, kinajikunja kikitaka, si vile mwenye shingo anataka.

Baada ya upasuaji, mdomo unafungwa kwa chakula. Mara nyingi ni kati ya wiki moja na mbili, na zaidi kwa aliyekuwa amechomwa mionzi kabla. Analishwa kwa mrija unaopita puani au uliowekwa moja kwa moja tumboni. Kabla aruhusiwe kumeza, hospitali nyingi humpa dawa inayoonekana kwa eksrei, anameza, na wanaangalia kama kuna mahali mshono unavuja.

Na mara nyingine unavuja. Hii ndiyo shida inayojulikana zaidi baada ya upasuaji huu: mate yanatafuta njia kupitia kidonda na kutokea kwenye ngozi ya shingo. Hatari inapanda kwa mtu aliyewahi kuchomwa mionzi, aliyekonda kwa njaa ya miezi kabla ya upasuaji, au mwenye damu kidogo. Wengi huziba zenyewe, lakini kwa kungoja. Wiki nyingine za mrija, kufunga kidonda kila siku, kutomeza chochote. Wengine wanarudishwa tena chumba cha upasuaji.

Soma tena ile orodha ya hatari. Kukonda. Damu kidogo. Hivi ni vitu vya miezi ya kabla, wakati mtu bado yuko nyumbani Mukurwe-ini au Kieni akitafuta rufaa na pesa ya gari. Kila wiki ya kuchelewa bila chakula inaongeza uwezekano wa kidonda kuvuja baadaye. Yaani siasa imeingia mwilini mwa mtu kabla daktari amguse.

Tufike jikoni, kwa sababu huku ndiko kupona kunafanyika kwa kweli.

Mshono ukishapona, anaanza na maji, kisha vitu vyepesi, kisha uji, kisha chakula laini. Uji tunao, asante Mungu. Nduma na viazi vikipondwa na maziwa vinapita. Mukimo unapita ukiulegeza kwa supu, bila yale mahindi mazima. Avokado inapita vizuri sana, na mti uko nje ya nyumba nyingi. Ndengu zilizosagwa pia. Githeri ni mtihani mwingine. Chapati kavu, mkate, nyama choma, ugali mgumu: hivi vinasimama katikati ya koo kama matatu iliyozimika kwa mteremko. Kila tonge linafuatwa na maji ya kulisukuma. Mlo wa dakika kumi unakuwa wa saa nzima, na chakula kimepoa, na nyumba nzima imemaliza, na mtu anaambiwa "kula guka, mbona huli?" kana kwamba anaringa.

Kuna mambo madogo hakuna mtu anakuambia. Mtu huyu hawezi kupuliza chai ipoe, kwa sababu pumzi haitokei mdomoni tena. Kufyonza kwa mrija wa soda ni shida kwa sababu hiyo hiyo. Na kwa kuwa hewa haipiti puani, harufu inapotea, na harufu ikienda, utamu wa chakula unaenda nayo. Kuna mbinu ya kufundishwa, unafunga midomo na kushusha taya kama mtu anayeficha mwayo mbele ya wazee, hewa kidogo inavutwa puani na harufu inarudi kiasi. Haigharimu hata shilingi. Inahitaji tu mtu wa kumfundisha.

Halafu aibu. Huku kwetu mambo mengi yanaamuliwa kwa chakula: ruracio, mazishi, mkutano wa familia kuhusu shamba. Mzee ambaye chakula kinaweza kurudi kupitia puani mbele ya wakwe anaanza kukataa mialiko. Watu wanadhani ana huzuni ya ugonjwa. Wakati mwingine ni chapati tu.

Miezi baadaye kunaweza kuja shida nyingine. Koo lililoshonwa linaweza kujikaza na kuwa jembamba, hasa likichomwa mionzi baada ya upasuaji. Dalili ni rahisi kuiona jikoni: kilichokuwa kinapita mwezi uliopita sasa kinakwama. Hapo usizoee tu kwa kurudi kwa uji. Rudi hospitali. Mara nyingi ni kovu linalohitaji kupanuliwa, na kupanua huenda kukarudiwa mara kadhaa. Lakini pia inaweza kuwa saratani imerudi, na hilo haliangaliwi kwa macho. Vilevile tezi ya shingo inaweza kulegea baada ya matibabu, mtu akawa mchovu na mzito kila siku, na kipimo cha damu kinaonyesha.

Mtaalamu anayeshika kazi hii yote ni wa usemi na kumeza. Anachagua chakula kiwe laini kiasi gani wiki hii, anafundisha mazoezi ya ulimi, namna ya kumeza kwa nguvu, namna ya kukaa, wakati wa kupanda hatua. Anafundisha pia njia za kuongea tena: kile kifaa kidogo cha ndani, kifaa cha kushika mkononi kinachotetemesha shingo, au sauti ya hewa iliyomezwa na kurudishwa. Kenya wataalamu hawa ni wachache, na wengi wako Nairobi. Sasa tumefika kwa siasa.

SHA kwanza, kwa sababu najua ndiyo mnangoja.

Kwa wanaopenda historia ya kesi: Sheria ya Bima ya Afya ya Jamii ilipitishwa 2023. Julai 2024 Mahakama Kuu ikasema inakiuka Katiba, Septemba Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, na tarehe 1 Oktoba 2024 SHA ikachukua mahali pa NHIF. Aliyeajiriwa anakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wote kabla ya makato. Mshahara wa 30,000 unakatwa 825. Asiyeajiriwa anapimwa uwezo wake kwa maswali, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini alitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo. 3,600 si nyingi kwa anayeandika tweet. Kwa anayengoja bonasi ya majani chai, inategemea ni mwezi gani.

Mfumo ulipoanza, saratani ilipewa 400,000 kwa mwaka kutoka mfuko wa bima, na hizo zikiisha, 150,000 kutoka mfuko wa magonjwa sugu na ya dharura. Jumla 550,000. Na angalia neno moja ambalo mikutanoni huwa halisemwi: ni kwa familia, si kwa mtu. Mjadala wote wa mitandaoni umekuwa juu ya hiyo namba, iongezwe au isiongezwe, NHIF ilikuwa inatoa ngapi. Ni mjadala halali. Kemo na mionzi vinakula pesa haraka, na namba kubwa ni bora kuliko ndogo.

Lakini mimi naona namba hiyo inatuficha kitu. Bima inalipia matukio. Upasuaji ni tukio. Kipindi cha mionzi ni tukio. Kujifunza kumeza ni miezi ya mambo madogo madogo: saa moja na mtaalamu, mrija mpya, maziwa na unga wa kuongeza nguvu, blenda na stima ya kuiendesha, nauli ya Nyeri mpaka Nairobi na kurudi, karibu kilomita 300 kwenda na kurudi, kwa kliniki ya dakika ishirini. Kila kimoja ni kidogo mno kuonekana kwenye kifurushi, na vyote pamoja ndivyo vinauza ng'ombe. Ukimsikia mtu anasema "tumelipia wagonjwa wa saratani", muulize bima inalipa siku ngapi baada ya mshono kutolewa, na inamlipa nani. Hilo swali linatenganisha aliyesoma orodha ya malipo na aliyesoma hotuba.

Mtu ataniambia: pesa haitoshi hata ya upasuaji, wewe unataka ya kufundisha watu kumeza uji? Nimeisikia hii hoja na si ya kijinga. Jibu langu ni hesabu ya ndani ya wadi. Mgonjwa anayekonda nyumbani anarudi na kidonda kilichofunguka, au amekauka maji, au koo limekaza kabisa. Anachukua kitanda tena. Kitanda hicho kinalipwa na mfuko ule ule. Kukataa gharama ndogo hapo hakuiondoi, kunaipeleka mahali penye bei ya juu.

Sasa swali la nani anawajibika, ambalo kila upande unalipenda kwa sababu unaweza kumrushia mwenzako. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi hivi: serikali ya kitaifa ina sera ya afya na hospitali za rufaa za kitaifa. Kaunti ina hospitali na vituo vya kaunti, ambulensi na afya ya msingi. Kwenye karatasi mstari uko wazi. Kwa mgonjwa wetu mstari huo unapita katikati ya shingo. Anafanyiwa upasuaji mkubwa Nairobi, kwa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta au ile ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, ambazo ni za kitaifa. Anarudi nyumbani na anakuwa wa kaunti. Kati ya hapo kuna karatasi moja ya kutoka hospitali.

Kwa hivyo ukisikia mtu wa kitaifa anasema "afya imegatuliwa, uliza gavana", na wa kaunti anasema "hiyo ni rufaa ya kitaifa", wote wanaweza kuwa wanasoma Katiba sawasawa, na mgonjwa bado hajamezeshwa. Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Hakisemi haki hiyo inaishia Kenol.

Na si kwamba huku hakuna kitu. Nyeri mjini kuna Hospitali ya Rufaa ya Kaunti, kuna Mathari ya Consolata, kuna Tumutumu upande wa Karatina, kuna Othaya. Kuna Nyeri Hospice, ambayo imezoea wagonjwa wa muda mrefu na familia zao. Kuna wauguzi wanaojua mrija, kuna maafisa wa lishe. Kuna pia wahamasishaji wa afya ya jamii, wale 100,000 waliozinduliwa nchi nzima Septemba 2023, wanaopita nyumba kwa nyumba. Mtu wa kumpima mgonjwa uzito kila wiki na kupiga simu ukishuka yuko kijijini tayari. Kinachokosekana ni mtaalamu mmoja wa kumeza wa kuwaongoza hawa wote, hata kama anahudumia kaunti mbili tatu, Nyeri, Kirinyaga na Laikipia kwa mfano, na pesa ya laini ya simu. Tunaongea juu ya mshahara wa mtu mmoja. Linganisha na bei ya lango la hospitali.

Kwa nini haifanyiki? Kumbukeni ule mradi wa kukodisha mashine ulioanza 2015. Mashine za kisasa kwa hospitali 98, mbili kwa kila kaunti na za ziada. Nyingine zilifanya kazi nzuri, dayalisisi ikasogea karibu na watu. Nyingine zilikaa kwenye makasha kwa kukosa chumba, maji, stima au mtu wa kuziendesha, mpaka Seneti ikaunda kamati ya kuchunguza. Mashine ina tenda, ina siku ya kuwasili, ina utepe wa kukata. Mwajiriwa hana. Ana mshahara kila mwezi, pensheni, na anaweza kugoma. Mgomo wa madaktari wa 2016 na 2017 ulichukua siku 100, na 2024 tukaona mwingine wa karibu miezi miwili. Kwa macho ya anayetafuta kura, mashine ni mali na mtu ni deni. Sidhani ni ubaya wa moyo. Ni jinsi tunavyowapima sisi wenyewe, tukiuliza "ametuletea nini" badala ya "nani anafanya kazi hapo Jumanne saa nne".

Nyeri ina sababu ya ziada ya kuuliza. Desemba 2018 mpango wa majaribio wa afya kwa wote ulipozinduliwa, kaunti nne zilichaguliwa: Kisumu, Isiolo, Machakos na Nyeri. Kila moja ilikuwa na mzigo wake, na Nyeri ilichukuliwa kwa sababu ya magonjwa yasiyoambukiza, kisukari, presha na jamii hiyo. Yaani serikali yenyewe ilikubali kwamba huku wagonjwa wetu ni wa muda mrefu. Majaribio yakaisha, mjadala ukahamia kwa kadi na makato.

Kuhusu pombe na sigara nitapita haraka, kwa sababu mnalumbana hayo kila wiki. Ndiyo, sigara ndiyo chanzo kikuu cha saratani ya zoloto, na ikichanganywa na pombe hatari inazidishwa, haijumlishwi tu. Sheria ya tumbaku ni ya 2007, ya vileo ni ya 2010, na msako wa pombe haramu Mlima Kenya unarudi kama msimu wa mvua. Lakini hapo katikati ya msako na upasuaji kuna kitu rahisi kinachorukwa: sauti ikikwaruza zaidi ya wiki tatu bila homa ya kueleweka, mtu aangaliwe koo. Saratani hii ikishikwa mapema, mara nyingi zoloto linaokolewa kwa mionzi au upasuaji mdogo, na uzi wote huu unakuwa hauna kazi. Wengi wanapewa antibiotiki mara ya tatu. Na si kila mgonjwa alivuta, kwa hivyo tuache ile "alijitakia".

Jambo la sauti nimeliweka mwisho makusudi. Siasa zetu ni za mdomo. Baraza, mkutano wa hadhara, redio ya asubuhi, kupiga kelele kwa ukumbi mpaka upewe maikrofoni. Kifungu cha 196 kinataka bunge la kaunti lishirikishe umma, na mara nyingi ushiriki huo ni foleni ya watu wanaoongea dakika mbili. Mtu asiye na zoloto hawezi kupanga foleni hiyo. Ndiyo sababu kubwa, nadhani, mahitaji yake hayasikiki kwenye bajeti: wanaojua shida hii zaidi ndio walionyamazishwa nayo.

Lakini njia ipo. Memoranda ya maandishi inapokelewa, na Kifungu cha 54 kinampa mwenye ulemavu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa. Karatasi ya mkakati wa fedha ya kaunti inafaa kufika bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Ukurasa mmoja unatosha: tunaomba nafasi moja ya mtaalamu wa kumeza na usemi, mirija na lishe ya mgonjwa kwenye bajeti ya dawa, na mpango wa kupokea wagonjwa kutoka Nairobi. Andika pamoja na mgonjwa, muandikie kama mkono umechoka, apige sahihi yake. Peleka kwa karani wa bunge, uombe muhuri wa kupokea. Bila muhuri ni barua ya mapenzi.

Na hili halina siasa, lisambazeni hata mkiwacha mengine yote. Ukikuta mtu mwenye tundu shingoni amezimia, stejini Chaka au popote, pumzi yake iko kwa shingo. Usizibe hapo kwa skafu wala kola, hata kama baridi ya Nyeri inakuambia umfunike. Kumpulizia mdomoni hakumfikii mapafu. Oksijeni inawekwa kwenye tundu. Mwambie na dereva wa ambulensi.